Geuza Nguo Uone Mshono

Tangu nistaafu naota ndoto moja. Nimesimama kwenye korido ndefu, kengele ndogo ya shaba mkononi, na mbele ya kila mlango amekaa kijana kwenye kiti cha buluu, viatu vipya, magoti yamebanana. Mwanga wa madirishani ni ule wa asubuhi za baridi za London, mweupe kama maji ya mchele. Hakuna anayesema. Napita nikihesabu viti, nafika mwisho, narudi nikihesabu tena. Idadi ni ileile, ila nyuso zimebadilika. Kisha najua kwamba wakati umefika wa kupiga kengele, na mkono hauinuki. Ndipo naamka, hapa Barking, mashariki mwa London, radiata ya kupasha joto chumba inagongagonga kama mgeni asiyejua kupiga hodi.

Wenzangu mliobaki kazini, siku ya chai ya kuniaga mlisema, "Bi Zuhura, tuandikie chochote." Mtu aliyelelewa sokoni haambiwi "chochote", maana atawaletea kilichobaki chini ya robota. Lakini haya. Vyeo sitavitaja, vilikuwa na majina marefu kuliko kazi yenyewe. Mshahara mnaujua, na nyinyi mnaupata, poleni. Nitaandika juu ya zile dakika chache za mwisho wa usaili wa vijana wanaotaka kusomea udaktari, pale paneli ya wasaili inapoweka kalamu chini na kusema, "Na wewe, una swali lolote kwetu?"

Nilianza kulijua swali hilo kabla sijaijua London. Mama yangu aliuza mitumba Tanga, na mimi nililala mchana mwingi wa utoto wangu juu ya marobota ya mashati, nikisikia bei kwenye usingizi. Hata sasa nikifumba macho nasikia ile harufu ya nguo zilizosafiri. Mama alikuwa na somo moja tu kwa mnunuzi aliyempenda. "Nje kila shati ni zuri," alikuwa akisema. "Geuza uone mshono." Na mnunuzi akigeuza, muuzaji wa kweli hukaa kimya akasubiri. Muuzaji anayekunyang'anya shati na kuanza kulisifia rangi, huyo ameshakujibu.

Chuo cha udaktari kilichokuwa jirani na hospitali yetu kilitaka kila paneli iwe na muuguzi mmoja, mtu atakayewatazama madaktari wa kesho kwa jicho la atakayefanya nao kazi. Mimi nilikuwa wodi ya watoto. Msimamizi wangu alinichagua kwa sababu, alivyosema yeye, sina haya. Siku ya kwanza nilikwenda na sare, nikakuta wenzangu wote wamevaa suti. Mtahiniwa mmoja akanipa koti lake nikamtundikie. Nikamtundikia. Alipoingia chumbani akanikuta upande wa pili wa meza, rangi ikamtoka. Nilimwambia koti liko salama, aendelee.

Aliyenipokea asubuhi ile alikuwa Bi Pauline, mama wa Kijamaika mwenye miwani ya mnyororo, mlezi wa siku zote za usaili. Maprofesa walidhani wanaongoza wao. Yeye aliwaacha wadhani.

"Sista, unajua kuhesabu?" aliniuliza.

"Najua."

"Hesabu viti."

Nikahesabu, nikamwambia.

"Hesabu tena. Mtoto ameondoka kwao alfajiri. Akifika hapa akakosa pa kukaa, kila atakachosema humo ndani atakisema akiwa amesimama, hata kama amekaa."

Ndivyo nilivyopata tabia mnayonicheka nayo. Vifaa vya Bi Pauline vilikuwa vichache: kengele, saa ya kupimia muda, jagi la maji, boksi la tishu. Tishu aliziweka karibu na mlango wa kutokea, kamwe si wa kuingilia. "Wakiziona wanaingia watadhani kuna msiba," alisema. Maji yawe ya kawaida, si ya baridi, kwa sababu koo lenye hofu likipata maji ya baridi hukohoa mpaka kengele. Haya hayamo kwenye mwongozo wowote wa chuo. Yashikeni.

Na ni yeye aliyeniambia niangalie mwisho. "Maswali yetu wote wamefundishwa kuyajibu," alisema tukiosha vikombe. "Wazazi wamelipia. Wewe watazame kalamu zikishawekwa chini. Pale hakuna aliyewafundisha."

Nikawatazama, miaka mingi. Wengine waliuliza kilichoandikwa kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti yetu: masomo yanaanza lini, kozi ni ya miaka mingapi. Hao walikuwa wameogopa tu kunyamaza. Wengine walikuja na swali lililopigwa pasi. "Profesa, ni nini kilichokuvutia kwenye fani hii?" Profesa akaeleza tangu babu yake hadi kengele, akatoka ameridhika sana, na kijana akatoka hajui hata maktaba inafungwa saa ngapi. Wengine waliuliza kama wamefaulu, ambayo ni sawa na kuuliza bei ukiwa umeshavaa shati na vifungo umefunga.

Lakini mara mojamoja, jioni inaanza kuingia madirishani na sisi tumechoka hadi nyuso zote zinafanana, alikuja mtu akageuza nguo. Namkumbuka msichana mmoja wa sauti ndogo, alikaa kidogo kisha akauliza, "Ni jambo gani mlilolibadilisha kwa sababu wanafunzi walilalamika?" Tulitazamana. Daktari wa upasuaji aliyekuwa nasi mezani akaanza kupekua karatasi zake. Mwishowe mwenzetu mwingine, daktari mzee wa figo, akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea nyumbani kwake, kwamba zamani wanafunzi walipelekwa hospitali za mbali bila nauli ya kutosha, wakapiga kelele, ikarekebishwa, kwa kuchelewa. Msichana akaandika kitu kidogo. Chumba kizima kilikuwa kimepumua.

Basi nikaanza kuyakusanya kichwani, na ndiyo hayo niliyowafundisha vijana wetu baadaye. Waulize maiti za kujifunzia mwili zipo, au ni picha tu. Waulize mgonjwa wa kwanza utamwona lini, mwaka wa kwanza au wa tatu. Waulize mafunzo ya hospitali yanakupeleka umbali gani, na anayekosa gari anafanyaje. Waulize aliyefeli mtihani mmoja anapewa nini, nafasi ya pili au mkono wa kwaheri. Kama kuna mwanafunzi wa pale kwenye korido, muulize yeye anachokilalamikia akiwa na wenzake. Na ukishauliza, nyamaza. Kunyamaza ndiko kazi yenyewe. Kwetu swali la mwisho halikuwa na alama hata moja, vyuo vingine hata hawaliulizi, lakini watoto walidhani ni mtihani bado. Haikuwa mtihani. Ilikuwa zamu yao ya kununua.

Watoto wa kwetu ndio walionipa kazi. Mtoto wa Mswahili, awe wa Mombasa au wa Mwanza, kazaliwa hapahapa na Kiswahili anakijibu kwa Kiingereza, lakini ukimuuliza mbele ya wakubwa kama ana swali, damu ya bibi yake inapanda. Anainamisha macho. "Hapana, asante, nimeridhika." Nyumbani ni adabu. Kwenye korido yetu ilionekana kama hana haja na sisi.

Kulikuwa na mmoja tu aliyetoa jibu jingine. Kijana wa Kizanzibari, baba yake ana mgahawa mdogo nyuma ya Edgware Road. Alipoulizwa kama ana swali alitazama saa ya ukutani, akatutazama sisi watatu tuliokuwa pale tangu asubuhi, akauliza, "Mmeshakula?"

Profesa hakuelewa. Akadhani ni mtego wa saikolojia, akanitazama mimi.

"Anauliza kama tumekula," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hatujala."

Kijana aliingia, kwa alama zake si kwa swali lake. Lakini sijawahi kulisahau. Lilikuwa swali pekee katika miaka ile yote lililotuuliza sisi kama watu.

Bi Pauline alipostaafu aliniachia kengele. Nikahama wodini moja kwa moja, nikawa mtu wa korido. Na Jumamosi, kwa hiari yangu, nilikuwa nikiwafanyisha mazoezi watoto wa jumuiya yetu katika ukumbi wa kanisa hapa Barking, Waislamu na Wakristo pamoja, wote tukiigombea radiata moja. Huko ndiko alikoletwa Subira.

Subira alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, anacheka kwa macho kabla ya mdomo. Mama yake ni mtu wa Malindi, anatunza wazee katika nyumba moja huko Hayes, hukohuko anakoishi, na ndege za uwanja wa Heathrow zinapita juu ya paa lake siku nzima hadi amezoea kukatiza sentensi katikati, akasubiri, akaendelea. Hata Barking, pasipo na ndege, alikuwa akinyamaza katikati ya sentensi. Subira ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Alizaliwa nayo. Miaka mingine hupita kama haipo, kisha yanakuja maumivu ya mifupa na analazwa, wiki, wiki mbili. Alisoma sekondari hivyo, vitabu juu ya blanketi la hospitali, na ndiyo sababu alitaka kuwa daktari. Alikuwa ameitwa usaili sehemu mbili: kwetu, na chuo kimoja cha mji wa kaskazini ambao mama yake hakuweza hata kulitamka jina lake bila kushika shali.

Tulipofika kwenye swali la mwisho, Subira akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yao, kwamba analo moja. Anataka kujua mwanafunzi akiugua katikati ya mwaka inakuwaje.

"Hapo hapaulizwi," mama yake akasema kutoka kwenye kiti chake cha nyuma.

"Mama."

"Nasema hapaulizwi. Da Zuhura, mwambie mwanao. Mwari haendi kuposwa ameshika cheti cha hospitali. Watafunga mlango kabla hajaketi."

Nikamweleza yanavyokwenda. Paneli haipimi afya ya mtu. Hayo yanatazamwa baadaye, na madaktari wengine, mtu akishapewa nafasi, na sheria inamlinda.

"Sheria ya karatasi hiyo," akasema. Akanyamaza kuisubiri ndege isiyokuwepo. "Mimi naogesha watu waliokuwa mahakimu. Naijua sheria ikivuliwa nguo."

Hilo sikulipinga. Lakini niliona anachoogopa kimemchoma upande mmoja tu. Nikamwambia, "Mwenzangu, tuseme hakuuliza. Wakampa. Akaanza, akaugua Novemba. Ndipo tutajua kama shati lina mshono? Tukiwa tumeshalivaa?"

Akavuta kiti chake mbele. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba isiyoanguka, inayoelea tu. Tukaanza kupatana bei. Yeye: asiulize kabisa. Mimi: aulize yote. Yeye: aulize chuo cha kaskazini tu, huko asikokwenda. Mimi: aulize kote, lakini asijitaje, aseme "mwanafunzi akiugua", kama mtu anayeulizia shati la jirani. Tulifikia hapo. Subira alitusikiliza wote wawili kama watu wanaogombania kuku wakati kuku yupo.

"Anti," akasema mwishoni, "nikijibiwa maneno matamu tu?"

"Uliza tena. Uliza wa mwisho aliyeugua yuko wapi leo."

Kwa kuwa namjua, nilimwandikia mkuu wa usaili kwamba huyu mtahiniwa ni wa ukumbini kwangu. Nikakaa mbali na vyumba, nikabaki na kengele. Siku yake ilikuwa ya ukungu, korido imejaa ule mwanga wa maji ya mchele, na sauti za nyuma ya milango zikawa kama za watu wanaoongea ndani ya usingizi. Nilimwona akiingia chumba cha mwisho. Aliinamisha kichwa kidogo akipita, shikamoo isiyotamkwa. Nikatazama saa. Nilikuwa nimewahesabu watoto wa asubuhi ile, nikawahesabu tena, na mara zote mbili nikaanza na yeye.

Saa ikafika. Nikapiga kengele. Milango ikafunguka yote, isipokuwa mmoja uliochelewa kidogo. Subira akatoka, akachukua koti, akaenda zake bila kunitazama, kama nilivyomwagiza.

Niliyoyajua, niliyajua baada ya majuma kadhaa, katika mgahawa wa Edgware Road, wanaume wa Kiarabu wakivuta shisha nje chini ya hita na sisi ndani na chai ya maziwa. Vyuo vyote viwili vilikuwa vimempa nafasi. Mama Subira alikuwa amevaa buibui jipya. Alikuwa ameniita ili nitoe hukumu, na hukumu ilikuwa imeshaandaliwa pamoja na sambusa.

"Da Zuhura, mweleze. London. Treni moja kutoka nyumbani. Akiugua nipo mimi, supu ipo, kitanda chake kipo. Na jina la chuo, watu wakilisikia wanakaa vizuri kwenye kiti."

"Subira, walikujibu nini?" nikauliza.

Akazungusha kijiko. Alisema kwetu aliuliza kama tulivyopatana. Profesa, mtu mzuri, alitabasamu, akasema chuo kina huduma bora sana kwa wanafunzi na maelezo yote yako kwenye tovuti. Subira akanyamaza kama nilivyomfunza. Profesa naye akanyamaza. Ndipo akauliza, wa mwisho aliyeugua yuko wapi leo. "Akavuta pumzi, Anti, kama anataka kusema. Halafu kengele ikalia."

Kengele yangu.

"Na kaskazini?"

Kaskazini alimkuta mwalimu mmoja mwanamke, nywele fupi za mvi, sweta limetoka uzi kwenye mkono. Naye aliulizwa vilevile. Akasema, "Wa mwisho tulimkosea. Alilazwa, tukamtumia barua pepe, tukadhani tumemsaidia. Akaacha masomo." Kisha akasema walichobadilisha baada ya hapo: mwanafunzi akilazwa, mtu mmoja mwenye jina anaenda alipo, si barua. Mafunzo yake yanahamishiwa hospitali iliyo karibu. Akipoteza majuma anaunganishwa na kundi linalofuata, harudii mwaka mzima kama haikulazimu. "Siwezi kukuahidi tutapatia kila mara," alimwambia. "Naweza kukuahidi mtu atakuja."

Mama Subira akaweka kikombe. "Wamekiri wamemharibia mtoto wa watu. Kwa midomo yao. Na wewe ndiko unakotaka kwenda?"

"Ndiyo, Mama."

"Wale wa hapa hawakusema baya lolote."

"Hawakusema lolote, Mama."

Wakanigeukia wote wawili. Nawaambia wenzangu, nimewahi kupatana bei na wauza nyanya, na mabaharia, na mameneja wa hospitali wakati wa bajeti, lakini sikuwahi kubanwa kama pale. Chuo ni changu. Jibu lililobaki lilikuwa limekatwa na mkono wangu mwenyewe, kwa haki, kwa wakati wake. Nikasema, "Nipeni siku mbili. Jibu lile nitalifuata."

Nilimkuta profesa kwenye kona ya chai, akitafuta kikombe chake. Sikumtaja mtu. Nilimuuliza tu: mwanafunzi wetu wa mwisho aliyeugua katikati ya mwaka, yuko wapi leo?

Alisimama na mfuko wa majani ya chai ukining'inia. Nyuma yake dirisha lilikuwa na mto, na juu ya mto ndege mweupe mmoja asiyesogea, kama aliyepigwa picha. 

"Sijui," akasema. Halafu, polepole, "Ni ajabu. Nilikaribia kumwambia hivyo binti mmoja aliyeniuliza. Sijui, Zuhura. Nilipaswa kujua."

Nampa heshima yake: hakusifia rangi. Na nasikia siku hizi hulijibu swali hilo kabla hajaulizwa. Lakini siku ile jibu lilikuwa "sijui", na nililipeleka Hayes kama lilivyo, sikuliongezea chumvi wala sukari. Mama Subira alilipokea mlangoni. Ndege ikapita. Ilipokwisha kupita akasema, "Basi aende kwa hao wenye midomo." Na kwa mwaka mzima hakunipigia simu, ila salamu za Idi, na hizo alituma kwa kikundi.

Alipiga majira ya baridi ya mwaka wa pili. Hakusalimia. "Amelazwa. Njoo twende."

Tulipanda treni ya asubuhi. Alikuwa amebeba kapu miguuni na hakuliachia hadi tunafika. Mashamba yalipita yamevaa barafu nyembamba, kondoo wamesimama ndani ya ukungu kama watu waliosahau walikuwa wanakwenda wapi. Tulifika nusu ya safari. Ndipo akaniambia, akitazama nje, "Nikifika nikamkuta peke yake, Da Zuhura, nitamrudisha nyumbani na sitakusamehe." Nikamwambia sawa. Ilikuwa bei ya haki. Nikajaribu kuomba dua, nikajikuta nahesabu nguzo za umeme.

Wodi ilikuwa ghorofa ya juu, ina joto, imejaa ile nuru ya theluji inayotoka chini badala ya juu. Nilimjua mwalimu kabla sijamwona uso, kwa uzi wa sweta. Alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, miwani puani, akimsomea Subira kitu kuhusu mishipa ya fahamu. Subira alikuwa amefumba macho, mrija mkononi, midomo mikavu, lakini alikuwa akimsahihisha matamshi.

"Amekuja tangu lini?" mama akamuuliza mwanawe kwa Kiswahili, bila kumtazama mgeni.

Na Subira, ambaye maisha yake yote alijibu kwa Kiingereza, akasema, "Kila siku, Mama. Anakuja kila siku."

Mwalimu akasimama. Alieleza yote kwa utulivu: kundi linaloanza baada ya Pasaka litampokea, hatarudia mwaka, hospitali ya mafunzo imeshabadilishwa. Na kwa kweli ndivyo ilivyokwenda. Sasa yuko mwaka wa nne na ananiandikia kunisahihisha shinikizo langu la damu. Lakini siku ile hayo yalikuwa maneno bado, na Mama Subira aliyasikiliza akiwa amesimama, koti hajavua, kapu mkononi, macho kwenye uzi ule wa sweta kama anayetafuta unakoanzia.

Mwalimu alipomaliza, akamwuliza kwa upole, kama wanavyouliza watu wa kazi yetu kote duniani, "Una swali lolote kwangu?"

Nilimwona akiinamisha macho. Nilijua kinachokuja. Hapana, asante, nimeridhika.  Safari hii sikuwa na kengele mkononi.

Mama Subira akainua uso.

"Umeshakula?" akamuuliza, kwa Kiingereza chake cha kazini.

Mwalimu akafikiri. Akatazama saa yake, akaitazama tena. "Bado," akasema.

Mama Subira akavua koti, akakaa, akafungua kapu. Wali wa nazi ulikuwa bado wa moto, na samaki wa kupaka. Akanipa mimi vijiko nigawe. Nikahesabu, vilikuwa vitatu, na sisi tulikuwa wanne. Nikahesabu tena, kwa mazoea tu, kisha nikaenda kunawa nile kwa mkono.